Kutunza mashini: desturi ya baba zetu wa atelie

Katika vitabu vya desturi tunasoma mambo ya mahari, matanga, ngoma na majina ya mapacha. Ni vizuri. Lakini sisi tuliozaliwa katika kambi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi tuko na desturi ingine ambayo haijaandikwa sana: namna baba zetu walivyotunza mashini kubwa za atelie. Mtu atauliza: kupangusa mafuta njo desturi? Tunajibu: ndiyo. Jambo ambalo mzee anamwonyesha kijana kwa mkono, ambalo liko na miiko yake, na ambalo likiachwa wote wanapata hasara, hilo ni desturi kabisa.

Tuanzie mbali kidogo. Katika nchi yetu heshima ya vyombo vya kazi haikuletwa na wazungu. Katika bonde la Upemba wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta kaburi la kati ya karne ya 8 na ya 10. Ndani yake fuawe la chuma lilikuwa limewekwa karibu na kichwa cha marehemu, pamoja na shoka ya heshima. Hawakuzika chombo kile bule. Kilikuwa alama ya mkubwa. Hata katika habari za ufalme wa Baluba, ufundi wa chuma na utawala vinatembea pamoja. Na wale wayeyushaji wa shaba, ambao Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne aliandika juu yao mwaka 1926 akiwaita wala-shaba, hawakusogelea tanuru ovyo. Wakati wa kuyeyusha walijitenga na wake zao na kushika miiko ya kazi. Mvukuto wa ngozi ukipasuka, moto unapoa, na jasho la siku nyingi linapotea. Kwa hiyo kutunza chombo kulikuwa sehemu ya kazi yenyewe, haikuwa jambo la baadaye.

Halafu ikaja kazi ya wazungu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli ikafika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka 1911 tanuru ya Lubumbashi ikatoa shaba ya kwanza. Mgodi, tanuru na reli vinakula vyuma kila siku: magurudumu ya treni yanalika, mihimili ya kusagia mawe inakatika, pampu zinachakaa. Kungojea kila kipande kutoka Ulaya, kwa meli na kwa reli, ilikuwa kusimamisha kazi wiki nyingi. Njo maana kukajengwa atelie, zile za reli na zile za migodi, kama atelie kubwa za Panda kule Likasi. Ndani yake mlikuwa mashini za kuzungusha chuma mbele ya kisu, ambazo baba zetu waliita turi, za kutoboa, za kulainisha uso wa chuma, na zile kubwa zilizobeba magurudumu mawili ya lokomotivu pamoja na mhimili wake.

Mwanzoni waliosimama mbele ya mashini hizo walikuwa wazungu, wengi wao wametoka Afrika ya Kusini na Rodezia. Mweusi alibeba, alifagia, alitia mafuta. Mwaka 1920 wafanyakazi wazungu waligoma, na kampuni ikaona kwamba kumtegemea mzungu peke yake ni gharama na ni hatari. Ikazidi kuwafundisha Wakongo. Baadaye, kuanzia miaka ya mwisho ya 1920, ikafuata siasa ya kuwaweka wafanyakazi pamoja na familia zao kambini. Wasalesiani nao, waliofika Katanga mwaka 1911, walifungua shule ya ufundi. Lakini tunafikiri shule ya kwanza ya wengi ilikuwa kitambaa na burashi. Anayesafisha mashini kila siku anajua kila pembe yake: wapi mafuta yanavuja, wapi panapata moto, mlio gani ni wa kawaida na mlio gani ni wa ugonjwa. Yule aliyeitwa boi wa mashini alikuwa anasoma, na mwenye mashini hakujua kama anasomwa.

Sasa kazi yenyewe ilifanyika namna gani? Kwanza kusimamisha mashini na kukata umeme. Mtu hapangusi kitu kinachozunguka, hata kikizunguka polepole. Mwiko huu uliandikwa na vidole vya watu. Pili, kuondoa makapi ya chuma kwa ndoano na burashi, si kwa mkono, kwani kapi refu la chuma linakata kama wembe. Makapi ya shaba nyeupe na ya bronzi yaliwekwa mbali na yale ya chuma, kwa sababu yalirudi kuyeyushwa. Tatu, hewa ya kompresa ilikatazwa juu ya njia za mashini. Kijana mvivu anaipenda, juu inafanya haraka. Lakini hewa inasukuma vumbi na vipande vidogo ndani ya maungio, na pale vinasaga chuma kidogo kidogo, bila mtu kuona.

Baada ya hapo mafuta ya zamani yaliyoganda yalilainishwa kwa petroli ya taa, yakapanguswa mpaka kitambaa kitoke safi. Kisha mafuta mapya mepesi yalipakwa juu ya njia, na kila tundu la mafuta likajazwa: grisi pa mahali pa grisi, mafuta pa mahali pa mafuta. Maji meupe kama maziwa, yanayopoza kisu, nayo yalibadilishwa kabla hayajaoza, maana yakikaa sana yananuka na kuleta kutu. Mashini kubwa ziko na shimo chini yake. Mtu aliingia humo na kutoa matope ya mafuta na makapi. Tena kila wakati fulani kipimo cha maji kiliwekwa juu ya kitanda cha mashini kuona kama kimelala sawa. Kitanda cha mita nyingi kikishuka kidogo upande moja, kila kipande kinachotoka hapo kitakuwa na kosa, hata kama fundi ni mwenye akili nyingi.

Majira ya Katanga nayo yalikuwa na sheria zake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linaingia kila mahali. Mashini inafunikwa, na mafuta yasiachwe wazi. Wakati wa mvua, adui ni kutu. Mashini inayolala bila kazi siku chache tu bila kupakwa mafuta inaamka na madoa. Njo sababu wazee walisema kwamba mashini isiyofanya kazi inataka kutunzwa kupita ile inayofanya kazi.

Tusipambe mambo. Atelie zile hazikuwa paradiso. Mshahara wa mweusi na wa mzungu haukuwa moja hata kidogo, na wafanyakazi walipogoma kule Elisabethville mwezi wa Desemba 1941, askari walipiga risasi na watu walikufa. Usafi wa mashini ulikuwa pia amri ya mkubwa. Lakini baba zetu waliichukua amri hiyo wakaigeuza kuwa heshima yao. Jioni walirudi kambini na mikono myeusi, na mke alijua kwa harufu ya nguo kama leo ilikuwa siku ya kusafisha.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967 na baadaye ikawa Gécamines. Watu walisema kazi njo baba, kazi njo mama. Mwaka 1986 ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba; mwaka 1994 haikufika hata 50,000. Katikati ya miaka hiyo mgodi wa Kamoto ulibomoka, mwaka 1990, na Lubumbashi iliporwa mwaka 1991. Kisha kukatokea jambo ambalo tunaona haya kulitaja, lakini mtu anayeandika historia hawezi kulipita. Miaka ya 1992 na 1993 ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji yetu. Walirundikana kwenye stesheni za Likasi na Kolwezi wakingojea treni, na wengi walikufa. Kati yao walikuwa mafundi waliozeeka mbele ya mashini zile. Mwaka 2003 wafanyakazi wengine zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia.

Hapo njo tunaona uzito wa desturi hii. Mashini haikuuliza fundi anatoka upande gani. Iliuliza kama anasikia mlio wake. Tulipomfukuza anayesikia, mashini ilibaki, lakini masikio yake yalikwenda. Njia zikakauka, kutu ikapanda, na chuma kilichofanya kazi maisha ya watu wawili kikaanza kuhesabiwa kwa kilo. Wengine wanalaumu uzee wa mashini. Sisi tumeona mashini za zamani sana zinazokata vizuri mpaka leo, kwa sababu kuna mtu anayezipangusa kila jioni. Uzee hauui mashini sawa vile kuachwa kunavyoiua.

Leo migodi imefunguliwa tena na vijana wanaona mashini zinazoongozwa na kompyuta. Ni vizuri. Lakini vumbi ni lile lile, mvua ni ile ile, na kitanda cha chuma kingali kinataka mafuta. Wazee wanaojua wamebaki wachache. Basi, wandugu wasomaji, mwenye baba au babu aliyefanya kazi ku atelie, akae naye, amuulize, aandike: mashini gani, mafuta gani, mlio gani. Na mwenye jirani aliyerudi kutoka Kasai, amuulize pia, na kwanza amsalimie. Hayo hayatarudisha wote waliokwenda, lakini wajukuu wetu hawatasema kwamba tuliachiwa tu vyuma.