Makali na Mpini: Habari za Pembe Karibu na Nchi ya Suguti

Wembe na jembe ni ndugu wa tumbo moja. Asiyezoea kuyachungua maneno huona vitu viwili tu, kimoja cha kunyolea na kimoja cha kulimia. Bali wataalamu wa lugha za Kibantu huyarudisha majina yote mawili katika shina moja la kale, lililotumika kwa vyombo vyenye makali. Lakini chombo si makali peke yake. Makali yasipokuwa na mpini humkata mwenyewe ayashikaye, na habari za mpini zimeandikwa mara chache kuliko habari za chuma.

Suguti ni mahali katika Musoma, na wanahistoria wa lugha wameliazima jina hilo kuliita kundi la lugha zilizo jamaa, nazo ni Kijita, Kikwaya, Kiregi ambacho huitwa pia Kiruri, na Kikara. Wasemaji wake wamekaa Musoma, Bunda na Butiama, kando ya Ziwa Viktoria na visiwani. Ni wavuvi, wakulima na wafugaji. Upande wa mashariki ziko mbuga za Serengeti, zilizofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, ambazo ukanda wake wa magharibi hufika karibu na ziwa. Basi watu hawa wamekaa jirani na pembe za namna mbili: pembe ya ng'ombe zizini, na kipusa, yaani pembe ya faru, porini.

Pembe ya ng'ombe ni ganda lililovikwa juu ya mfupa, na asili yake ni ile ile ya ukucha na unywele. Ng'ombe akisha kuchinjwa, pembe huloweshwa au kuchemshwa mpaka ganda lilegee na kuchomoka. Ncha yake ni nzito, imejaa. Chini ni tupu. Likipashwa moto kwa kadiri hulainika, hata laweza kupasuliwa ubavuni, kufunuliwa, na kubanwa kati ya vyuma likawa bamba. Likipoa hulishika umbo lile. Moto ukizidi huungua, na kazi yote hupotea. Fundi wa nyembe za kukunja hukata mabamba mawili, huyasawazisha kwa tupa, huyatoboa, hutia kabari ndogo ya risasi mwishoni ili yaachane kidogo na kuyapokea makali, huyafunga kwa vijiti vya shaba, kisha huyasugua hata yang'ae.

Mji wa Sheffield katika Uingereza ulipata sifa kubwa kwa nyembe hizo, hasa baada ya Benjamin Huntsman kuanza, katika miaka ya 1740, kuyeyusha feleji ndani ya vyungu vya udongo. Wafua makali na wabanaji wa pembe walifanya kazi katika mji mmoja, wala sifa ya hao wa kwanza isingalifika mbali pasipo hao wa pili. Kisha Mmarekani King Camp Gillette akapata hataza ya wembe mwembamba wa kutupwa mwaka 1904, na tangu hapo wembe ulianza kuachana na mpini wake wa pembe. Mpini huo haukudai damu ya mnyama yeyote zaidi ya aliyekwisha kuchinjwa kwa ajili ya nyama.

Kipusa kina habari nyingine. Hakina mfupa ndani. Ni pembe tupu toka shina hata ncha, nacho kwa kawaida kilifika sokoni baada ya faru kuuawa au kufa porini. Biashara yake ni ya kale mno. Kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, chataja bidhaa za Rhapta, soko la pwani ya Azania. Zilizoingia ni mikuki iliyotengenezwa Muza, katika nchi iitwayo sasa Yemen, pamoja na mashoka na visu vidogo. Zilizotoka ni pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Makali yaliingia, pembe zikatoka.

Karibu miaka elfu mbili baadaye, njia ilikuwa ile ile. Wanaume wa Yemen huvaa jambia kiunoni, na mpini uliotukuzwa kuliko yote ni wa kipusa, kwa kuwa kadiri unavyoshikwa ndivyo unavyozidi kung'aa. Zamani ulikuwa fahari ya wakuu na matajiri. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa Yemen Kaskazini walikwenda Saudi Arabia kufanya kazi, wakarudisha nyumbani fedha za mafuta, na vijana wengi wakaweza kununua fahari hiyo. Esmond Bradley Martin, mtafiti aliyeishi Nairobi, alikwenda Sana'a akaifuatilia biashara hii katika masoko ya majambia. Waganga wa Asia ya Mashariki nao walikitaka kipusa kwa dawa. Faru weusi wa Afrika, waliokadiriwa kuwa 65,000 hivi mwaka 1970, hawakuzidi 2,500 mwaka 1995. Katika Serengeti mamia yao yalitoweka, wakabaki wachache kabisa.

Mapatano ya mataifa yalikataza biashara hiyo mwaka 1977, na Yemen Kaskazini ikazuia kuingizwa kwa vipusa mwaka 1982. Hapo mafundi wa Sana'a walizidi kutumia pembe ya nyati wa majini wa Asia, na jambia ikaendelea kuvaliwa. Mwaka 2010 faru watano waliletwa Serengeti kutoka Afrika ya Kusini. Kabla ya mwaka kwisha, mmoja wao aliuawa na majangili.

Ndiyo kusema pembe ya mnyama wa kufugwa ilitosha tangu mwanzo. Fundi wa wembe aliijua siku zote, na fundi wa jambia aliigeukia faru walipokaribia kwisha. Faru hawakumalizwa na haja ya kushika makali, bali na haja ya kuonekana umeyashika kwa mpini wa thamani. Wahenga husema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Waliokaa magharibi ya Serengeti walimwona jirani yao akinyolewa, na wembe ulishikwa ng'ambo ya bahari.