Kazi Wanayo, Kipande Hawana: Vijana wa Handeni na Korogwe

Basi likisimama Segera, wilayani Handeni, machungwa hufika dirishani kabla abiria hajanyanyuka. Aliyeyabeba huenda ana miaka 15. Hakuna anayemwita mfanyakazi, na yeye mwenyewe ukimuuliza atakwambia anatafuta hela ya madaftari. Hoja yangu inaanzia hapo: kijana wa Handeni au Korogwe kazi anayo tele, ila kazi yake haihesabiwi na mtu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha masomo. Migodi, viwanda na kazi za hatari ni marufuku hadi atimize miaka 18. Marufuku hiyo ni ya haki, hasa Handeni yenye machimbo ya dhahabu. Lakini nani kijijini anaupima huo wepesi? Kupalilia mahindi ya jirani tangu alfajiri hadi adhuhuri, wakati wa likizo, ni kazi nyepesi? Ujira nao, ukitumwa, huingia kwenye simu ya mzazi, kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa, nacho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18.

Kwingine saa huhesabiwa. Ujerumani, mtoto wa miaka 13 anaweza kusambaza magazeti kwa idhini ya mzazi, kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Marekani, kanuni zilizotungwa chini ya sheria ya kazi ya 1938 zinamruhusu wa miaka 14 kufanya kazi saa zisizozidi 3 siku ya shule, na 18 kwa wiki ya masomo. Saa ikishahesabiwa, ujira wake unadaika. Hata hivyo utajiri peke yake haumlindi mtoto: huko huko Marekani, kazi za shambani zimeachwa nje ya ukomo huo, na wa miaka 12 anaweza kuchuma mazao kwa ruhusa ya mzazi, mradi si saa za shule.

Korogwe inajua kuhesabu. Mkonge, ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, uliwavuta manamba, vibarua wa mkataba, kutoka mbali, na kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi ya kazi, cha siku 30: zisipotimia, halipwi. Kipande kile kilimlinda mwenye shamba. Napendekeza kipande cha kumlinda kijana, kitunzwe ofisi ya kata, kiandikwe kazi, saa, ujira na jina la anayemwajiri. Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Handeni, mojawapo ya vyuo vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa mfano wa Sweden, kingeweza kuzitambua saa hizo kama sehemu ya mafunzo.

Wapo watakaohofu kwamba tutahalalisha utumikishwaji wa watoto. Hofu yao naielewa, tena naiheshimu. Lakini binti anayepandishwa basi Korogwe kwenda kazi za ndani Dar es Salaam leo haachi jina popote. Kipande kingeacha walau jina la aliyemchukua.