Jino la msumeno lililotoka kwenye balbu

Ukipita kwenye karakana za samani za Keko, Temeke, utausikia msumeno wa meza kabla hujauona. Hebu sikiliza vizuri. Bledi ikiwa kali, sauti yake imetulia. Ikiwa butu, inalalamika, ubao unatoa moshi, na fundi anaanza kusukuma kwa nguvu. Hapo ndipo vidole vinapoponzwa.

Sasa, kwa nini bledi moja inanoleka kwa tupa, na nyingine tupa inateleza tu? Jibu linatupeleka kiwandani kwa watengeneza taa.

Zamani mbao zilipasuliwa na watu wawili: mmoja juu ya gogo, mwenzake chini shimoni. Mwaka 1777 Mwingereza Samuel Miller alipewa hataza ya mashine ya kupasulia yenye bledi ya duara. Kwa muda mrefu bledi hizo zilikuwa chuma kitupu, meno na mwili kitu kimoja. Makali yakiisha, unapiga tupa, kisha unayalaza meno kidogo, moja kushoto, moja kulia, ili bledi isibanwe na mti.

Shida ni baadhi ya miti yenyewe. Mvule huweza kuwa na mawe ndani ya shina, mawe kweli ya chokaa. Mtiki nao una silika, kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga. Chuma kitupu hapo hakichukui muda kuwa butu.

Mwaka 1923, Ujerumani, Karl Schröter wa kampuni ya taa ya Osram alikuwa na tatizo jingine kabisa. Waya wa balbu ulivutwa kupitia kitundu cha almasi, na almasi ni ghali. Akachanganya unga wa karbidi ya tangsteni na kobalti kidogo, akauchoma hadi ukashikana. Krupp wakauza kitu hicho kwa jina la Widia, kifupi cha maneno ya Kijerumani yenye maana ya "kama almasi". Kumbe ndivyo vile vipande vya kijivu unavyoviona kwenye ncha za meno ya bledi za leo!

Karbidi ni ngumu kuliko tupa, ndiyo maana tupa inateleza. Hunolewa kwa jiwe lenye almasi, na vumbi lake lenye kobalti huumiza mapafu, kwa hiyo barakoa ni lazima.

Ukienda kununua, kumbuka: meno machache kwa kupasua ubao kwa urefu, meno mengi kwa kukata kwa upana na kwa plaiwudi. Hakikisha kasi iliyoandikwa kwenye bledi haizidiwi na ya mashine yako. Ikianza kulalamika, chomoa umeme kwanza, kisha itazame. Mara nyingine si butu, ni utomvu tu ulioganda. Loweka, sugua kwa brashi. Lakini ukiona ufa mwilini, usichomelee. Itupe. Bledi mpya utaipata dukani. Kidole hakina duka.