Wasomaji wa Miswada na Riwaya ya Kiswahili

Kabla riwaya haijamfikia mtu anayeinunua dukani, huwa imekwisha kupita mikononi mwa watu wachache ambao majina yao aghalabu hayaonekani popote kitabuni. Hao ndio wasomaji wa miswada, yaani watu wenye ujuzi wanaoisoma kazi ingali karatasi za mwandishi, wakapima ubora na kasoro zake, kisha wakatoa ushauri ama kwa mchapishaji ama kwa mwandishi mwenyewe. Historia ya riwaya ya Kiswahili imezoea kuwafuata watunzi na vitabu vyao, na kwa sababu hiyo imewapita kimya wasomaji hao wa kwanza, ilhali mambo mengi yaliyoipa riwaya hiyo sura yake yaliamuliwa mezani kwao. Ukifuatwa mkondo wao tangu mwaka 1930, jambo moja linajitokeza waziwazi: usomaji wa mswada wa Kiswahili ulianza ukiwa usomaji wa lugha, wala si wa hadithi, na mwandishi wa riwaya alikaa miaka mingi akisahihishiwa maneno bila kupata mtu wa kumwambia kama kisa chake kimesimama.

Si kwamba pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na desturi ya kuisoma kazi kwa jicho la kusahihisha kabla ya kufika kwa vyombo vya dola ya kikoloni. Katika tenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, mtunzi alizoea kujitaja mwishoni, kuomba radhi kwa makosa, na kumruhusu msomaji mwenye elimu ayaondoe atakayoyaona. Ruhusa hiyo ilikuwa na maana kamili katika jamii ambamo kila nakala iliandikwa kwa mkono, kwa kuwa mnakili alikuwa pia mhariri, na mtu kama Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyewanakilia wataalamu wa Kizungu tenzi nyingi katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alitegemewa kwa elimu yake ya ushairi sawa na kwa uzuri wa hati zake. Hata hivyo desturi hiyo ilihusu utungo wenye arudhi, yaani kanuni za vina na mizani ambazo kila malenga alizijua na kwa hizo kosa lilionekana mara moja. Riwaya, utanzu wa nathari ndefu usiokuwa na kanuni za namna hiyo, ilipoingia haikukuta mizani ya kupimiwa.

Mizani iliyokuja kutumika ilikuwa ya sarufi na tahajia. Baada ya mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam mwaka 1925, na ule wa Mombasa wa mwaka 1928 uliokubali lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, iliundwa mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, na katibu wake wa kwanza akawa Frederick Johnson. Miongoni mwa kazi zilizokabidhiwa Kamati hiyo ilikuwamo ile ya kuchunguza, na pale ilipobidi kusahihisha, Kiswahili cha vitabu vya shule na vya kusomwa na watu wote kabla havijachapishwa, pamoja na kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa. Majukumu hayo mawili yaliwekwa bega kwa bega kana kwamba ni kitu kimoja, na hapo ndipo palipoanzia tatizo, kwa sababu kumsahihisha mtu na kumsaidia mtu havifanani.

Mswada ulipokwisha kupokewa ulipitiwa na wasomaji walioteuliwa, na ukionekana unafaa ulipewa kibali cha Kamati, nacho kilikuwa na uzito mkubwa kwa mchapishaji kwa kuwa soko kubwa la kitabu lilikuwa shuleni. Wasomaji wa miaka ya mwanzo walikuwa kwa sehemu kubwa maofisa wa elimu na wamisionari wa Kizungu, watu ambao baadhi yao walikijua Kiswahili kwa undani wa kustaajabisha lakini waliojifunza lugha hiyo ukubwani, na maswali waliyoulizwa kuhusu mswada yalikuwa ya tahajia, ya upatanisho wa kisarufi, ya mgawanyo wa maneno, na ya kama neno fulani ni la Kiunguja au ni la Kimvita au la Kiamu. Kwa hiyo mwandishi wa Mombasa au Lamu, ambaye lahaja yake ilikuwa imebeba ushairi bora kabisa wa karne zilizotangulia, aliweza kuhesabiwa makosa pale ambapo mama yake na bibi yake wasingeona kosa lolote, na malalamiko ya wenyeji wa pwani dhidi ya usanifishaji wa aina hiyo yaliendelea kwa miongo mingi. Ni haki kukiri kwamba kazi ile ilileta faida, kwa maana tahajia moja ndiyo iliyowezesha kitabu kilichoandikwa Tanga kusomwa Kisumu bila mashaka. Lakini faida hiyo ilikuwa ya lugha na ya shule, wala haikuwa ya utanzu wa riwaya.

Tofauti inaonekana zaidi likitazamwa jambo lililokuwa likifanyika katika nyumba za uchapishaji huko London tangu karne ya 19. Mwaka 1868 Thomas Hardy, kijana asiyejulikana, alipeleka mswada wa riwaya yake ya kwanza kwa Alexander Macmillan, ambaye msomaji wake alikuwa John Morley. Riwaya ilikataliwa, lakini Macmillan alimwandikia Hardy barua ndefu ya kumweleza mahali aliposhinda na mahali alipozidisha katika kuwachora matajiri. Mswada ulipofika kampuni ya Chapman & Hall, msomaji wake George Meredith, mwenyewe mwandishi wa riwaya, alionana na Hardy uso kwa uso mwaka 1869, akamshauri asiuchapishe bali aandike nyingine yenye msuko imara zaidi, msuko ukiwa ni ule mpangilio wa matukio unaomfanya msomaji atake kujua litakalofuata. Riwaya ile haikuchapishwa kamwe, ila Hardy aliuchukua ushauri na mwaka 1871 akatoa nyingine. Kampuni hiyo hiyo ya Macmillan ndiyo iliyomchapishia Shaaban Robert Adili na Nduguze mwaka 1952, na lililo dhahiri ni kwamba mchapishaji wa Uingereza asiyekuwa na msomaji wa Kiswahili nyumbani kwake alilazimika kutegemea maoni ya wataalamu wa lugha waliokuwa Afrika Mashariki. Nyumba iliyojua kumwambia Hardy kwamba amezidisha chumvi haikuwa na mtu wa kumwambia Shaaban Robert neno la namna hiyo katika lugha yake.

Mfano wa Shaaban Robert unastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu yeye ndiye mwandishi mkubwa wa kwanza wa nathari ya kisasa ya Kiswahili, na maisha yake ya uandishi yalipita yote ndani ya mfumo huo, hata yeye mwenyewe akafikia kuwa mjumbe wa Kamati. Kusadikika ilitoka mwaka 1951 kwa kampuni ya Nelson, lakini Kufikirika, ambayo aliiandika mwaka 1946, haikuchapishwa hadi mwaka 1967, yaani miaka 5 baada ya kufariki kwake, na Utubora Mkulima pamoja na Siku ya Watenzi Wote zikafuata mwaka 1968. Mwandishi ambaye mswada wake unakaa miaka 21 bila kuwa kitabu hunyimwa jambo ambalo hakuna tuzo ya baadaye iwezayo kulirudisha, nalo ni nafasi ya kuandika kitabu kinachofuata akiwa amejifunza kutokana na mapokezi ya kilichotangulia. Wahakiki wa leo huzungumzia mahubiri marefu yaliyomo katika riwaya zake na wahusika wake wanaobeba sifa moja moja kwa majina yao, wakayaeleza mambo hayo kwa falsafa yake au kwa athari ya ngano. Maelezo hayo ni sahihi, lakini inafaa yaongezwe na hili, kwamba hapakuwa na ofisi iliyokuwa na kazi ya kuketi naye juu ya sura ya tatu na kumuuliza kama hotuba ile ingeweza kufupishwa.

Mabadiliko yalianza pale ilipoundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1948 chini ya Charles Richards, mtu aliyekuwa na uzoefu wa biashara ya vitabu vya kanisa nchini Kenya. Idara hiyo ilipokea miswada kutoka kwa waandishi wa Kiafrika, ikaisoma, ikawashauri wenyewe, kisha ama ikawatafutia mchapishaji wa kibiashara ama ikaichapisha yenyewe. Kwa mara ya kwanza mwandishi alikuwa na anwani ya kupeleka kazi ambayo mwenye anwani alitarajiwa kujali kama kitabu kitanunuliwa na mtu asiyelazimishwa na mwalimu, na matarajio hayo yalibadilisha maswali ya msomaji wa mswada, kwa kuwa mnunuzi wa namna hiyo haulizi kwanza habari za upatanisho wa kisarufi bali huuliza kama kisa kinavutia.

Tunda kubwa la mwelekeo huo lilikuwa shindano la kuandika hadithi za Kiswahili lililoendeshwa na Idara mwaka 1957 na 1958, ambalo mshindi wake wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, na mswada wake ukachapishwa mwaka 1960 kwa jina la Mzimu wa Watu wa Kale. Hii ilikuwa riwaya ya upelelezi, yenye mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, yenye mauaji, dhana potofu na ufumbuzi unaocheleweshwa kwa makusudi, na utanzu wa upelelezi una sifa kwamba hauwezi kabisa kusomwa kwa jicho la lugha peke yake, maana fumbo lisipofumbuka hakuna usanifu wa maneno utakaoiokoa kazi. Waamuzi wa shindano walilazimika kulinganisha kisa na kisa, na kwa hiyo shindano lilifanya kazi ambayo kibali cha Kamati hakikuifanya kamwe. Idara hiyo hiyo iliendesha pia shindano la riwaya lililomfanya Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi wa Chuo cha Makerere, aandike kwa Kiingereza mswada ambao baadaye ulikuwa The River Between, na mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi uliofanyika hapo hapo Makerere, alimpa Chinua Achebe mswada mwingine, Weep Not, Child, asome. Achebe akausoma, akamshauri, akaupendekeza kwa kampuni ya Heinemann, nao ukatoka mwaka 1964. Mwandishi wa Kiingereza katika Afrika Mashariki alipata hivyo msomaji aliyekuwa fundi mwenzake, tena aliyekwisha kupita njia ile ile, miaka mingi kabla ya mwandishi wa Kiswahili kupata utaratibu wa namna hiyo.

Miaka ya 1970 ndiyo iliyokuwa karibu zaidi na utaratibu huo. Kulikuwapo wachapishaji kadhaa wenye wahariri waliozaliwa ndani ya Kiswahili au walioishi nacho, wakiwamo East African Publishing House ya Nairobi na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, na katika muda mfupi zilitoka Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed mwaka 1972, Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi mwaka 1974 na Nyota ya Rehema ya Mohamed huyo huyo mwaka 1976, riwaya ambazo msuko wake na uchunguzi wake wa nafsi za wahusika unaonyesha ukomavu usiokuwapo hapo kabla. Lakini miaka hiyo hiyo ilionyesha pia msomaji wa aina nyingine, yule anayesoma kwa jicho la maadili ya shule: Rosa Mistika ya Kezilahabi ilipita mikononi mwa wasomaji wa Idara ya Vitabu na kuchapishwa mwaka 1971, kisha ikapigwa marufuku mashuleni kwa kipindi fulani kwa sababu ya namna ilivyoeleza mambo ya mapenzi, na tangu hapo mhariri yeyote aliyetaka kuuza shuleni alikuwa na sababu ya kuusoma mswada kwa hofu.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Idara ya Vitabu iliyokuwa chini yake nayo ikafa, na mhimili mmoja wa usomaji wa miswada uliokuwa wa Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja ukaondoka. Upungufu wa karatasi na wa fedha za kigeni uliidhoofisha sekta ya uchapishaji Tanzania katika miaka iliyofuata, huku waandishi wa riwaya pendwa, yaani zile za upelelezi na mapenzi zinazouzwa barabarani kwa wasomaji wengi, wakijifungulia kampuni zao, kama alivyofanya Ben Mtobwa kwa kuanzisha Heko. Wasomaji wa miswada wa waandishi hao walikuwa wanunuzi wenyewe, ambao kwa kununua au kutonunua walitoa maoni ya kweli lakini yaliyochelewa, kwa maana yalifika kitabu kikiwa kimekwisha kuchapwa.

Katika karne hii nafasi hiyo imeshikwa zaidi na tuzo za miswada. Tuzo ya Mabati-Cornell, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2015, ilimpa Anna Samwel Manyanza ushindi wa riwaya kwa mswada wa Penzi la Damu, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilitolewa mara ya kwanza mwezi Aprili 2023. Tuzo hizi zimewarudisha waamuzi wanaosoma hadithi kama hadithi, na kwa hilo zinastahili shukrani isiyo na masharti. Ila tuzo kwa maumbile yake hujibu kwa orodha ya washindi, na mwandishi asiyekuwamo katika orodha hujua tu kwamba hakushinda. Anachokihitaji ni ripoti, yaani maandishi ya kurasa mbili tatu yanayomwonyesha mahali ambapo mhusika wake aliacha kuaminika, sura ambayo ingeweza kuondolewa bila kisa kuanguka, na mazungumzo ambamo watu wote wanasema kwa sauti moja. Katika nyumba nyingi za uchapishaji ripoti hiyo huandikwa na mwalimu wa fasihi anayelipwa kwa kazi moja moja na kuulizwa zaidi kama kitabu kinafaa mtalaa, nayo mara nyingi hubaki katika jalada la mhariri. Kumpelekea mwandishi nakala yake, hata pale mswada unapokataliwa, ni hatua isiyohitaji sheria mpya wala bajeti kubwa, na hakuna msaada mwingine ambao mchapishaji anaweza kumpa mwandishi chipukizi kwa gharama ndogo kama hiyo.