Nasaba Kati ya Mzee na Kitabu

Wahenga walinena kwamba mwacha asili ni mtumwa. Lakini aitafutaye asili yake aanzie wapi, kwa mzee au maktabani? Aghalabu sisi walimu huwaambia vijana kwamba mzee ndiye chemchemi, na kitabu ni mtungi tu uliotekewa maji. Historia ya Buganda yatuonya kwamba mambo si mepesi hivyo.

Apolo Kagwa, aliyekuwa Katikiro wa Buganda tangu 1889 hadi 1926, alikusanya masimulizi ya wazee akayaandika kwa Kiganda. Mwaka 1901 alitoa historia ya makabaka, na mwaka 1912 kitabu cha koo, Ekitabo kye Bika bya Baganda. Vitabu hivyo vilisomwa sana. Kwa hiyo yamkini mzee atusimuliaye leo alipokea sehemu ya habari zake kwa mtu aliyezisoma. Mwanafunzi afurahiye kuona mzee na kitabu wamekubaliana, huenda amesikia sauti moja mara mbili.

Tena nasaba haikuwa pambo. Baada ya Mkataba wa 1900 kugawa ardhi ya Buganda, wakuu wa koo, yaani bataka, walilalamika kwamba ardhi yenye makaburi ya wazee wao ilipewa watu wengine. Katika miaka ya 1920 walipeleka madai yao kwa Kabaka Daudi Chwa. Kagwa, mwandishi wa habari za koo, ndiye pia aliyekuwa mbele katika ugawaji ule uliolalamikiwa. Hatusemi alidanganya, twasema tu kwamba mwandishi naye ana kwao.

Basi hapana budi tuwafunze vijana wamsikilize mzee kwanza, wayaandike maneno yake kabla ya kufungua kitabu, kisha wamwulize kwa adabu: "Mzee wetu, haya uliyasikia kwa nani?" Ndipo waende maktabani, watazame jina la mwandishi, cheo chake na mwaka wa chapa, na wayatafute pia maandishi ya waliompinga. Habari mbili zikihitilafiana wasifute hata moja. Waziandike zote, kila moja na msemaji wake.

Ndugu walimu, tusikawie. Kitabu kilichotunzwa maktabani chaweza kutungoja mpaka mwakani. Mzee hangoji.