Dani wa Kogelo

Hii ni tarehe ya ukoo mmoja wa Alego, katika kaunti ya Siaya, magharibi mwa Kenya, kama ilivyotunzwa na bibi asiyejua kusoma wala kuandika. Wa kwanza kukumbukwa ni Miwiru. Miwiru akamzaa Sigoma, Sigoma akamzaa Owiny, Owiny akamzaa Kisodhi, Kisodhi akamzaa Ogelo, Ogelo akamzaa Otondi, Otondi akamzaa Obongo, Obongo akamzaa Okoth, Okoth akamzaa Opiyo, Opiyo akamzaa Obama, Obama akamzaa Onyango, Onyango akamzaa Barack, naye Barack akamzaa Barack wa pili, aliyekuja kuwa rais wa 44 wa Marekani.

Majina ni 13, na yote ni ya wanaume, kwa sababu Waluo huhesabu nasaba kwa baba. Lakini aliyeyahifadhi kifuani mwake ni mwanamke: Sarah Onyango Obama, aliyezaliwa mwaka 1922. Wengi walimwita Mama Sarah. Wajukuu walimwita Dani, yaani bibi kwa Kidholuo.

Wazee wa Waluo walitoka upande wa Sudan, wakaufuata Mto Naili, wakapita Uganda hadi wakatua kandokando ya Ziwa Victoria. Ukoo huu ulikaa Alego, kisha Opiyo mwana wa Okoth akahamia Kendu Bay, ng'ambo ya pili ya ghuba ya ziwa hilo. Huko ndiko alikokulia Onyango. Huyo alikuwa miongoni mwa wa mwanzo pale kijijini kuvaa suruali na kusoma maandishi ya Wazungu. Akawa mpishi wa Waingereza, akatumikia jeshi lao katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha akakaa Zanzibar. Kisiwani humo alisilimu, akachukua jina la Hussein, na kuanzia hapo Uislamu ukaingia katika nyumba ya Obama. Vita vya pili vilipokuja alikwenda tena na Waingereza, mara hii hadi Burma, akiwa mpishi wa afisa wa jeshi.

Hussein Onyango alikuwa mkali. Alipenda usafi, utaratibu na kazi, na hakumwonea mtu haya. Mkewe Habiba Akumu alimzalia watoto, Barack akiwa mmojawao. Katika miaka ya 1940 Onyango aliamua kurudi Alego, kwenye ardhi ya mababu zake, akajenga Kogelo. Ndoa yake na Akumu ikavunjika, Akumu akaenda zake, na watoto wakabaki kwa baba. Mke mdogo, Sarah, ndiye aliyewapokea.

Sarah hakuwa na umri mkubwa, na tayari alikuwa na shamba la kulima, mifugo ya kutazama na mume asiyeridhika upesi. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sarah aliianza kazi hiyo kwa watoto ambao tumbo lake halikuwabeba, na hakuwatenga hata walipokuja wa kwake mwenyewe.

Katika maisha yake marefu kuna jambo moja ambalo kila mwenye kuandika habari za ukoo huu hana budi kuliweka mbele. Barack alipokuwa mdogo, shule ilikuwa Ng'iya, kilomita 9 kutoka Kogelo. Sarah alimpakia nyuma ya baiskeli, akakanyaga pedeli hadi Ng'iya. Mwanamke wa kijijini wa zama zile, asiyeweza kusoma hata jina lake likiandikwa ubaoni, alimpeleka mtoto wa mke mwenzake shuleni kwa nguvu za miguu yake. Alisema mwenyewe alipokuwa mzee kwamba barua zilikuwa zikifika naye hawezi kuzisoma, kwa hiyo hakutaka watoto wake wawe kama yeye. Watoto wote wa nyumba yake akahakikisha wanasoma.

Barack aliendelea hadi shule ya Maseno, na mwaka 1959 akapanda ndege kwenda Hawaii, chuo kikuu. Huko akamzaa mwana mwenye jina lake, na baadaye akasoma Harvard. Akarudi Kenya, akafanya kazi serikalini kama mchumi. Novemba 1982 alikufa kwa ajali ya gari Nairobi. Akazikwa Kogelo, katika boma lile lile alimolelewa, na Mama Sarah akaishi miaka karibu 40 huku kaburi la mwana likiwa uani kwake.

Miaka michache baada ya msiba huo, kijana mmoja alifika kutoka Marekani kumtafuta baba ambaye hakupata kumjua vizuri. Yeye hakujua Kidholuo na bibi hakujua Kiingereza. Dada yake, Auma, akawa mkalimani. Kijana akamwomba bibi aanze mwanzo, naye, chini ya mwembe, akaanza mwanzo kweli: Miwiru, Sigoma, Owiny. Akaendelea hadi Onyango na Barack, na hakuficha ukali wa mume wala makosa ya mwana. Masimulizi hayo yakaingia katika kitabu cha kijana huyo kilichotoka mwaka 1995, na hivyo nasaba iliyokuwa ikisemwa kwa mdomo ikasomwa duniani kote.

Ukarimu wa Mama Sarah haukungoja umaarufu. Ukimwi ulipolipiga eneo la Nyanza, Siaya ikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi, na vijiji vikabaki na wazee na watoto. Mama Sarah aliwachukua mayatima wengine akawalea nyumbani kwake. Wanafunzi wa shule ya Kogelo, iliyokuja kupewa jina la mjukuu wake, aliwapelekea uji wa moto na maandazi, kwa sababu alijua mtoto mwenye njaa hasikii la mwalimu. Baadaye taasisi yenye jina lake ikawalipia mayatima na wasichana karo, ikawanunulia sare na madaftari, ikawagharimia matibabu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri: wakati anaanza hakuwa na kitu zaidi ya shamba na kuku wake.

Mwaka 2006 mjukuu alirudi Kogelo akiwa seneta. Novemba 2008 alichaguliwa kuwa rais, na serikali ya Kenya ikatangaza tarehe 6 ya mwezi huo kuwa sikukuu. Waandishi wa habari wakajaa bomani na umeme ukafika Kogelo. Januari 2009 Mama Sarah alikuwa Washington akishuhudia mjukuu akila kiapo. Mwaka 2014 alipewa tuzo New York, katika Umoja wa Mataifa, kwa kazi yake ya elimu. Baada ya safari hizo zote alirudi kukaa chini ya mwembe wake, akipokea wageni.

Magazeti ya ng'ambo yaliandika kila mara kwamba yeye ni bibi wa kambo. Kwa hesabu ya damu ni kweli. Kwa Waluo, mke wa babu ni dani, basi, na mjukuu mwenyewe hakumwita vinginevyo mpaka mwisho.

Alifariki alfajiri ya Machi 29, 2021, katika hospitali mjini Kisumu, akiwa na umri wa miaka 99. Kesho yake alizikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu.

Jina lake haliingii katika nasaba ya Miwiru, na desturi haitabadilika kwa ajili ya makala moja. Lakini tarehe ya haki huandika pia waliobeba, waliopika na waliosindikiza. Ewe msomaji, kama ukoo wako una orodha ya mababu, chukua kalamu uandike pembeni ya kila jina ni bibi gani aliyemlea. Na kama bibi huyo angali hai, nenda ukamuulize leo, uanze naye mwanzo.