Zana za kazi: Nani hubeba hasara zinapopotea au kuharibika?

KATIKA karakana zilizo kandokando ya barabara ya Kisumu kuelekea Kakamega, mtaani Kondele, mafundi wa kuchomelea vyuma, maseremala na makanika hutumia zana za aina mbili: za mwenye karakana na zile ambazo fundi amejinunulia. Mashine ya kuchomelea na grainda aghalabu huwa za mwajiri. Nyundo, tepu, randa na spana huenda zikawa za fundi mwenyewe.

Mambo huwa shwari hadi kifaa kimoja kipotee au kiungue. Hapo ndipo huzuka swali la nani alipe, na mara nyingi jibu hutolewa siku ya malipo, fundi anapokabidhiwa ujira uliopunguzwa bila maelezo.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haimpi mwajiri uhuru huo. Kifungu cha 19 kinamruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea ikiwa chini ya mamlaka yake, lakini kwa sharti kwamba hasara hiyo ilitokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Grainda iliyoungua kwa sababu umeme ulipanda ghafla, au keekee iliyochakaa kwa kutumika miaka mingi, haihesabiki kuwa kosa la makusudi. Hizo ni gharama za biashara, na mwenye biashara ndiye anayepaswa kuzibeba.

Hata kosa likithibitishwa, makato yote kwa jumla hayafai kuzidi theluthi mbili za ujira kwa wakati mmoja. Anayestahili kulipwa Sh12,000 sharti aondoke na angalau Sh4,000.

Baadhi ya wenye karakana hudhani kwamba mwanagenzi hana kinga hii kwa kuwa bado anajifunza. Hilo si kweli. Sheria hiyo, inapofafanua maana ya mwajiriwa, inamtaja mwanagenzi pia.

Kuhusu wizi, Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 281, inaweka kifungo cha hadi miaka saba kwa mfanyakazi anayemwibia mwajiri wake. Hata hivyo, shaka si ushahidi. Kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, mwajiri anatakiwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kumweleza sababu kwa lugha anayoielewa na kumsikiliza, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama.

Zana za fundi mwenyewe zina utata zaidi. Kifungu cha 19 kinahusu mali ya mwajiri au iliyo mikononi mwake. Hakisemi nani atanunua randa nyingine ikiwa ya seremala imevunjwa na mwenzake kazini. Hapo kinachotawala ni makubaliano. Ndiyo sababu ni busara kuafikiana mapema kuhusu mahali zitakapolala usiku, nani anaruhusiwa kuzitumia na nani atazitengeneza.

Umiliki wa zana una uzito mwingine pia. Katika miaka ya 1940, katika kesi iliyohusu kampuni ya Montreal Locomotive Works ya Canada, Baraza la Faragha jijini London lilitaja mambo manne ya kupima uhusiano wa kazi: nani anasimamia, nani anamiliki zana, nani ana nafasi ya kupata faida, na nani anabeba hatari ya hasara. Anayekuja na zana zake zote na kulipwa kwa kazi nzima huenda akahesabiwa kuwa mkandarasi, na hivyo kukosa kinga ya mwajiriwa.

Vifaa vya kujikinga ni suala tofauti. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007, kumpa mfanyakazi mavazi na vifaa vya kinga panapo hatari ni wajibu wa mwajiri. Wajibu wa mfanyakazi ni kuvitumia. Glavu na miwani ya mchomeleaji si hisani.

Waswahili walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa chache latosha: jina la kifaa, hali yake, tarehe, aliyekichukua, saa aliyokirudisha, na sahihi za pande zote mbili. Zana binafsi nazo ziandikwe siku fundi anapoanza kazi, na zitiwe alama. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sharti uwe wa maandishi, na mwajiri asipoutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa unamwangukia yeye.

Aliyekatwa ujira isivyo halali anaweza kwenda kwa afisa wa leba au kufungua kesi katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Kisumu. Kwa kawaida, kesi hiyo hufunguliwa kabla ya miaka mitatu kwisha. Kwa mafundi wasioajiriana, mathalani aliyemwazima mwenzake mashine isirudi, ipo Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni. Huko kote, mwenye maandishi ana mahali pa kuanzia.